Uongozi Umeamua

Nilimtoa mtu kwenye kazi ya kujitolea kwa sababu ambayo leo nikiitafuta siioni. Hakuiba, hakumtukana mtu, wala hakuvunja kanuni, maana kanuni zenyewe hatukuwa tumeziandika. Nilimtoa mimi. Wenzangu watatu walikubali, lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na jibu alilopewa alipouliza nililiandika mimi.

Nayasema haya kwa yeyote anayesimamia watu wasiolipwa mtandaoni, iwe ni kamusi, programu huria, ramani au grupu la wazazi wa shule. Njia niliyopita haikuwa na kibao cha hatari. Kila hatua niliyopiga ilikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa sababu nzuri.

Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri. Dar es Salaam imefaidika nayo sana. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba za kata zinazofurika mvua zikikolea. Kundi letu halikuwa sehemu ya mradi huo. Sisi tulizuka baadaye, watu tuliojuana mtandaoni, wengine hatujaonana uso kwa uso mpaka leo, kila mmoja na kompyuta au simu yake na bando alilojinunulia. Tulichagua mitaa ya bonde la Msimbazi kwa sababu aliyekuwa Dar mwezi Desemba 2011 hahitaji kuelezwa mafuriko yalivyofanya Jangwani.

Eneo lilikuwa likikatwa vipande vya mraba. Mtu anachukua kipande, anachora nyumba na njia kwa kufuata picha ya setilaiti, kisha mhakiki anapitia na kusema kazi ipite au irudi. Hapo tayari pana ngazi, na sioni ubaya wake. Mgeni anayechora kwa mara ya kwanza huweka nyumba juu ya barabara. Lazima awepo wa kumwelekeza. Sisi wanne tulioanza ndio tuliokuwa wahakiki. Sisi ndio tuliokuwa maadmini wa grupu la Telegram, na fedha kidogo za bando tulizopewa na mfadhili tulizishika sisi.

Siku moja mwanachama mmoja, dada, alitueleza kwamba kuna mwanamume kwenye grupu anamsumbua kwa ujumbe wa faragha usiku. Lalamiko la namna hiyo huwezi kulitandaza mbele ya mamia ya watu. Tukafungua grupu la pili, la sisi wanne tu, tukalishughulikia humo, yule bwana akaondolewa, dada akapumua. Ungekuwepo, nawe ungelifungua grupu hilo.

Lalamiko likaisha, grupu likabaki. Wiki iliyofuata mtu akauliza humo nani apewe bando la mwezi, kwa kuwa kuuliza kwenye grupu kubwa kungeleta maneno. Kisha tukaamua humo kata ipi ifuate. Kisha nani apandishwe kuwa mhakiki. Hatukuwahi kukaa tukasema kwamba kuanzia leo maamuzi yote yatafanyika kwa siri. Yalihamia humo yenyewe, moja baada ya jingine, kwa sababu kuongea na watu wanne wanaoelewana ni rahisi kuliko kuongea na mamia wanaouliza maswali. Kwenye grupu kubwa tukawa tunapeleka majibu tu. Na ujumbe wa kuwakaribisha wageni, nilioutunga mwenyewe na kuubandika juu, uliendelea kusema kwamba hapa hatuna mabosi, sote ni wachoraji.

Sasa mwenzetu niliyemtoa. Alikuwa anaishi huko huko tulikokuwa tunachora, kwenye ukingo wa korongo linaloteremkia mtoni. Alijiunga kimya, akajifunza haraka, kisha akaanza kurekebisha kazi za wengine. Alifuta kivuko cha mbao kilichokuwa kwenye ramani. Njia tulizozichora kama barabara za magari akazishusha zikawa za miguu. Majina ya mitaa mitatu akayaondoa na kuweka mengine. Kwa mtu aliyekaa mbali anaangalia picha ya setilaiti, ambamo kivuko kilionekana wazi kabisa, yote hayo yalifanana na uharibifu.

Mhakiki mmoja alinitumia linki ya mabadiliko yake usiku. Nilikuwa nimechoka. Nilifungua, nikaona orodha ndefu ya vitu vilivyofutwa, nikafunga. Nikaandika kwenye grupu letu la wanne: "Huyu anafuta vitu hovyo. Nimtoe kabla hajaharibu zaidi?" Zikaja alama tatu za dole gumba. Nikamtoa kwenye grupu kubwa, nikamwondoa kwenye orodha ya wachoraji wa mradi wetu, kisha nikarudisha kivuko, barabara na majina ya zamani kwa mkono wangu.

Asubuhi akaniandikia: "Shikamoo kaka. Naona nimetolewa. Nimekosea wapi?"

Nikamjibu: "Marahaba. Uongozi umeamua."

Akauliza: "Uongozi ni akina nani, kaka?"

Niliisoma nikaiacha hapo, na tiki zake mbili zikimwonyesha kwamba nimeisoma.

Nimelifikiria sana jibu lile la kwanza. Nilijua uongozi ni akina nani. Ilikuwa rahisi kabisa kuandika kwamba nimekutoa mimi, kwa sababu umefuta kitu fulani. Ningeandika hivyo angenijibu palepale, na mambo yangeisha kabla ya chai. Niliandika "uongozi" kwa sababu neno hilo halina uso. Hakuna anayeweza kuliuliza swali la pili.

Wiki kadhaa zikapita, mvua za masika zikaendelea, nikawa nimeshamsahau. Akaandika tena. Hakuwa na hasira. Alisema hadai kurudishwa. Anaomba tu aonyeshwe mahali tulipojadili na kukubaliana, ajue kosa lake asije akalirudia kwingine.

Nilikwenda kutafuta. Nilikwenda nikiwa na uhakika, nia yangu ikiwa kunakili mjadala na kumtumia sehemu zisizo na majina ya watu. Kumbukumbu niliyokuwa nayo kichwani ni kwamba tulimjadili. Nikapandisha ujumbe baada ya ujumbe mpaka nikaufikia usiku ule. Palikuwa na sentensi zangu mbili. Chini yake dole gumba tatu. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa matokeo ya mpira.

Nikatazama juu zaidi, nikatazama chini zaidi, nikidhani labda tuliongea siku ya pili. Hapakuwa na kitu. Nikampigia simu mmoja wa wale watatu nikamuuliza alikubali kwa sababu gani. Akasema, "Bro, mimi linki sikuifungua. Niliona umeandika wewe." Wa pili alidhani wa tatu ameshakagua. Wa tatu, aliyenitumia linki, akaniambia alinitumia ili nimwambie kama kuna tatizo; yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Kwa hiyo mimi nilimtegemea yeye, yeye alinitegemea mimi, na wawili waliobaki walitutegemea sote.

Ndipo nikaifungua ile linki na kuisoma kwa mara ya kwanza. OpenStreetMap huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, saa, na maelezo aliyoyaandika. Mwenzetu alikuwa ameandika maelezo kwenye kila badiliko. Kuhusu kivuko: kimeondoka na maji ya mvua ya juzi, nimesimama hapo leo asubuhi. Kuhusu barabara: gari haliingii, bajaji haifiki, ni njia ya miguu. Kuhusu majina: nimeyapata kwa mjumbe wa shina. Yote yalikuwa hapo tangu siku ya kwanza, mtu aliyeko Mwanza, Muscat au Berlin angeweza kuyasoma. Sababu zake zilikuwa hadharani mbele ya dunia nzima. Zangu zilikuwa kwenye grupu la watu wanne, na nilipozifuata humo hazikuwepo.

Nilikuwa nimeamini kwamba usiri unawanyima habari wale walioko nje. Sikujua kwamba ulikuwa umetunyima na sisi tulioko ndani. Kama ningelazimika kuandika kwenye grupu kubwa kwamba nataka kumtoa mtu fulani kwa kufuta kivuko fulani, ningelazimika kwanza kusoma alichoandika, kwa sababu kuna mtu angeniuliza. Na hata kama nisingesoma, yeye mwenyewe angekuwepo kusema maji yamekibeba.

Gharama yake ni hii. Kivuko kisichokuwepo kilibaki kwenye ramani karibu masika yote, kikiwa kimechorwa na mimi. Historia yake inaonekana hadi leo: kimefutwa na yeye, kimerudishwa na mimi, kimefutwa tena na mimi. Yeye hakurudi. Wachoraji wengine wa mtaa ule, aliokuwa amewaleta, waliondoka mmoja mmoja, na upande ule wa korongo haujapata mtu mwingine anayeutembea kwa miguu. Kwenye grupu kubwa watu waliacha kuuliza maswali. Nakumbuka nilifurahi kipindi kile, nikamwambia mwenzangu kwamba siku hizi grupu limetulia.

Baada ya hapo nilisoma nilichopaswa kukisoma mapema. Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake wa Marekani, alitoa hotuba mwaka 1970 kuhusu makundi ya harakati yaliyojisifu kwamba hayana viongozi. Hoja yake ni kwamba kundi lisilo na muundo halipo. Watu wakikaa pamoja kwa lengo fulani muundo hujitokeza, na usipotangazwa huwafaa wale wanaoujua, hasa marafiki wanaoongea pembeni, huku wengine wakibaki kubahatisha. Aliyasema miaka mingi kabla ya Telegram, na ni kama alikuwa akiuzungumzia ujumbe wangu wa kuwakaribisha wageni. Kusema hatuna mabosi hakukutuondolea mabosi. Kuliwaondolea wengine njia ya kujua bosi ni nani na anaondolewaje.

Kwa hiyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema dawa ni kufuta ngazi zote. Debian, mfumo wa kompyuta unaojengwa na watu wa kujitolea tangu 1993, una katiba tangu 1998: kiongozi huchaguliwa kila mwaka, mamlaka yake yameandikwa, na wanachama wanaweza kuutengua uamuzi wake kwa kura. Ngazi ipo, na kila mtu anaiona. Ahadi yao kwa jamii, waliyoipitisha mwaka 1997, inasema hawataficha matatizo, na orodha ya hitilafu za mfumo wao iko wazi wakati wote.

Lakini hata wao wana orodha ya barua pepe ya ndani, na wamehangaika nayo. Mwaka 2005 walipiga kura kwamba barua zake zianze kuwekwa hadharani baada ya miaka mitatu. Kazi hiyo haikufanyika, na mwaka 2016 wakapiga kura nyingine kukubali kwamba orodha itabaki ya ndani. Kwangu hilo ni la maana kuliko katiba yao. Walipoona ahadi haitekelezeki waliiondoa kwa kura, mbele ya wote, badala ya kuiacha ukutani kama sisi tulivyouacha ujumbe wetu.

Kuna pia kisa cha Wikipedia ya Kiingereza. Mwezi Juni 2019 taasisi ya Wikimedia, yenye makao San Francisco, ilimfungia mkabidhi mmoja mzoefu (admini wa huko) kwa mwaka mmoja. Haikueleza hadharani kosa lenyewe, wala haikupitia kamati ya usuluhishi iliyochaguliwa na wahariri. Wakabidhi wengi wakarudisha nyadhifa zao kwa kupinga. Mwishowe kamati ikakabidhiwa suala lile, na mwezi Septemba ikakitengua kifungo. Nikisoma habari ile nawaelewa wote. Taasisi ilisema inawalinda waliolalamika, na mimi nilishamlinda dada yetu kwa njia hiyo hiyo. Wahariri walitaka kujua ni nani anayeweza kuwatoa, kwa kanuni ipi, na wakate rufaa wapi. Kati ya madai haya mawili sioni vita. Jina la aliyeumizwa na ujumbe aliotumiwa ni vyake, na vibaki vyake. Kwamba uamuzi umefanyika, nani kaufanya, kwa kanuni gani, na mlango wa kurudi uko wapi, hivyo ni vya wote. Sisi tulivificha vyote pamoja kwa sababu vyote vilikuwa kwenye grupu moja.

Linaloniuma zaidi ni kwamba utaratibu mzuri niliujua tangu zamani. Mama yangu yuko kwenye kikoba. Nimewahi kumsindikiza, nimekaa kwenye mkeka nikisubiri wamalize. Kasha lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wanachama wamekaa. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, katibu anaandika, na anayeomba mkopo anasimama kueleza wa nini. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, na anayechelewa anatozwa faini bila kujali cheo. Kina mama wale wanapendana na kuaminiana kuliko sisi tulivyowahi kuaminiana, na bado hawamwachii mtu mmoja funguo tatu. Mimi nilizishika zote: uhakiki, uadmini na fedha. Nilikuwa nikitoka kwenye mkeka ule na simu mfukoni, ndani yake lile grupu la wanne, bila hata siku moja kuona kwamba mambo haya mawili yanahusiana.

Tulifanya nini? Tuliandika kanuni, fupi, kwenye ukurasa ambao kila mchoraji anaweza kuufungua. Kumtoa mtu kunahitaji wahakiki wawili waliosoma mabadiliko yenyewe na kuandika walichokiona, na mhusika hujibu kwanza. Uamuzi huingia kwenye daftari la wazi kwa jina la aliyeufanya. Lalamiko la usumbufu linabaki faragha, lakini daftari linaandika kwamba lipo na limeamuliwa kwa kifungu fulani. Wahakiki wanachaguliwa kwa mwaka. Mwaka wa kwanza sikugombea. Mmoja wetu wanne aliondoka, akisema tumefanya kazi ya kujitolea iwe kama ofisi ya serikali. Namwelewa. Kuandika sababu kunachosha, na wapo watu ambao jioni wanatamani kuchora tu.

Kwa mwenzetu niliomba radhi kwenye grupu kubwa, kwa jina langu, nikieleza nilichokifanya na nilichoacha kukisoma. Kumwomba radhi faraghani kungekuwa kumtoa mbele za watu na kumrudishia heshima gizani. Nilimtumia nakala. Alinishukuru, akasema ana kazi nyingine sasa.

Likabaki suala la lile grupu la wanne, lenye miezi mingi ya mazungumzo. Wanachama walitaka lifunguliwe lote. Sikukubali, kwa sababu humo mlikuwa na malalamiko ya watu walioandika wakiamini hatutayatoa, na wenzangu nao walikuwa wamezungumza wakijua wako wanne. Nilichokubali ni kutoa yangu. Ukurasa ule wa usiku, sentensi zangu mbili na dole gumba tatu bila majina, upo kwenye daftari, baada ya mwenzetu kuridhia. Mmoja wa wale watatu anasema hata huo haukupaswa kutolewa, kwamba aliyebonyeza dole gumba kwenye grupu la faragha hakuwa anapiga kura na si haki kuhesabiwa kama aliyepiga. Hatujakubaliana mpaka leo. Hoja yake iko kwenye daftari, chini ya ukurasa ule, kwa maneno yake mwenyewe na jina lake.